Nililaza shokapu, gari nalo likalala!

KUNA makosa ambayo ukiwahadithia washikaji kijiweni wanacheka, nawe unacheka, maisha yanaendelea. Halafu kuna makosa ambayo kila ukimwona mdogo wako anahangaika kuvaa shati kwa mkono mmoja, unageuza uso ukutani. La kwangu ni la aina hiyo ya pili.

Usinihukumu haraka, msomaji wangu. Nisikilize kwanza, maana hata wewe unaweza kuwa na gari la kurithi, hela kidogo mfukoni na kichwa kigumu kama changu.

Basi bwana, marehemu baba alituachia vitu viwili vya maana hapa Arusha: nyumba na Land Rover 110. Mama hakuzunguka mbuyu. Alituita sebuleni mimi na mdogo wangu, akasema, “Nyumba ni yangu mpaka nife. Gari ni lenu. Lakini baba yenu alilitunza, msije mkaligeuza toroli.” Tukaitika kwa adabu, “Sawa, Mama.” Nyie acheni tu!

Kwa wasiolijua, 110 lilitoka mwaka 1983, likiwa na koili mbele na nyuma wakati Land Rover za kazi za kabla yake zilikuwa zinabebwa na springi za mapande. Mbele, shokapu inapita katikati ya koili. Nyuma, koili iko kivyake na shokapu kivyake. Koili inabeba uzito, shokapu inatuliza ile koili isiendelee kuruka kama mpira. Ukikumbuka hayo mawili, mengine yote nitakayokwambia utayaelewa.

Sasa mdogo wangu alikuwa na ndoto ya Rhino Charge, yale mashindano ya Kenya yaliyoanza mwaka 1989, ambapo magari yanakatiza porini kutoka kituo hadi kituo, na anayetumia umbali mfupi zaidi ndiye bingwa. Yeye alitaka siku moja awe anasoma ramani. Mimi, kusema kweli, nilitaka kutesa tu mjini. Nilitaka nikipaki, masela wainame kuchungulia chini ya gari na kuguna.

Siku moja kinyozi nikaokota gazeti la magari la Marekani. Ndani kuna picha ya kigari cha mashindano ya jangwani, nyuma kimefungwa shokapu zilizovikwa springi juu yake, zile mafundi wanaita koilova. Zilikuwa zimelala! Vichwa vimekutana katikati, miguu imetanuka kama mtu aliyekaa mkao wa kula. Nikasema moyoni, hiki ndicho kitu. Kinyozi alipomaliza, nilikuwa hata sijajitazama kwenye kioo.

Nikauza pikipiki yangu. Kuna mshikaji Nairobi alikuwa ameacha mambo ya mashindano, akaniuzia koilova mbili zilizotumika, bado nzima, zikaja na basi. Mdogo wangu alizikumbatia kama mtoto mchanga.

Tukazipeleka kwa mzee mmoja ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa baba miaka yote. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwonyesha ile picha niliyoichana. Akaitazama muda mrefu huku anafuta mikono kwenye tambara.

“Kijana, ukizilaza hivi zitachoka,” akasema. “Tuzisimamishe.”

“Mzee, huu ndio mtindo wa kisasa,” nikamjibu.

“Mtindo wa nguo au wa gari?”

Mdogo wangu akacheka. Mimi nikaona nimeaibishwa. Nikabeba mizigo yangu nikaondoka, nikaenda kwa kijana mmoja mchomeleaji wa mageti na madirisha. Huyo hakuuliza swali. Alichomelea bomba kukatiza juu ya chasisi, akafunga vichwa vya koilova katikati ya bomba, miguu akaishusha kwenye ekseli. Jioni gari likawa tayari. Koili za baba na shokapu zake za zamani tukazitupa stoo.

Nikupe siri ya picha ile, ambayo sikuijua wakati huo. Waliolaza zile shokapu walikuwa na sababu zao. Ukilaza unapata nafasi ya kufunga shokapu ndefu kwenye gari fupi, na tairi inaweza kupanda na kushuka sana kabla shokapu haijafika mwisho. Lakini wao walinunua springi ngumu za kufidia huko kulala. Sisi tuliiga kulala, hatukuiga kufidia. Springi zetu zilikuwa na ugumu unaokaribiana na wa koili alizoziacha marehemu.

Dalili zilianza siku hiyohiyo. Gari lilikaa chini nyuma kama mbwa anayesubiri mfupa. Ukipanda wewe na abiria wawili, raba zinagonga. Nikajiona mjanja. Koilova ina nati kubwa inayokaza springi kutoka juu, basi nikachukua spana nikaikaza weee, mpaka gari likainuka, likainuka zaidi hata ya alivyoliacha baba. Nikalizunguka nikalipiga picha. Mdogo wangu akalitikisa kwa mkono, likayumba.

“Kaka, mbona linacheza dansi?”

“Litazoea,” nikasema. Hebu fikiria, ndugu yangu! Chuma kinazoea?

Agosti 2019 tukafunga safari ya Ziwa Natron. Lami mpaka Mto wa Mbu safi, ingawa kila kona gari linainama kama dau lenye upepo. Tukageuka kaskazini, tukapita Engaruka. Kule njia siku zile ilikuwa imejikunja kama bati, kisha vumbi la majivu ya volkano, kisha makorongo. Nyuma tulibeba madumu ya maji, hema, tairi mbili za akiba juu ya paa. Mlima wa Ol Doinyo Lengai ulikuwa mbele yetu umesimama peke yake, na mdogo wangu alikuwa ametoa kichwa dirishani anaimba.

Sikuwa na mwendo wa kutisha. Nilikuja kwenye korongo moja kwa mshazari, tairi za kushoto zikatangulia kushuka. Gari likainama. Nikasubiri lijirudi, kama lilivyokuwa linajirudi enzi za baba. Halikujirudi. Liliendelea kuinama polepole, kwa adabu kabisa, mpaka nikaona mchanga unakuja dirishani upande wa mdogo wangu. Kishindo. Madumu yakatupita kichwani. Halafu kimya, injini tu inanguruma gari limelala ubavu.

Nikamwita. Akasema, “Niko hai. Lakini bega si langu tena.”

Mtulinga ulikuwa umevunjika. Vijana wa Kimaasai waliotokea sijui wapi, maana mimi niliona pori tupu, ndio waliotusaidia kumtoa na kulisimamisha gari. Njia yote ya kurudi nilikuwa naendesha kama nimebeba mayai, na kila tukirushwa, yeye anauma meno. Hakunilaumu hata neno moja. Afadhali angenitukana.

Mama alipotuona mlangoni hakupiga kelele. Alimtazama mwanawe aliyefungwa mkono kifuani, akalitazama gari lililobonyea ubavu, akaniambia mimi, “Funguo.” Nikampa. Akazifungia kabatini kwenye kanga zake. Zilikaa humo miezi mitano.

Miezi hiyo nilijifunza jinsi nyumba inavyoweza kuwa na watu watatu na ikawa kimya. Mdogo wangu alikuwa ananijibu ninachouliza tu, hamalizii. Kwenye ramani yake ya ukutani ya Kenya, pini alizokuwa amezichomeka akazitoa.

Mwishoni nikashindwa. Nikaenda kwa yule mzee.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Nilisikia. Bwana mdogo anaendeleaje?”

“Anaendelea vizuri. Mzee, nimekuja kuomba radhi. Na nimekuja kuuliza.”

Hakunisimanga. Alimwita kijana wake wa gereji, akachukua ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, akatuambia tuishike mimi na yule kijana, mmoja huku mmoja kule, karibu karibu, mikono imenyooka chini. Tukaibeba bila shida. “Sasa achaneni. Mmoja aende kule, mwingine huku, ndoo ibaki palepale katikati.” Tukatanuka. Mikono ikalala. Mabega yakaanza kuungua.

“Ndoo imeongezeka maji?”

“Hapana, Mzee.”

“Sasa mbona unakunja uso?”

Nikaelewa nusu. Nusu nyingine akanichorea kwa chaki sakafuni. Ekseli ikipanda sentimita 10, alisema, shokapu iliyosimama wima inabonyea sentimita 10 zote. Iliyolala nyuzi 45 inabonyea 7 tu. Hapo umeshapoteza. Halafu hata nguvu inayotoka kwenye hizo 7, si yote inasukuma gari juu. Saba ya kumi inasukuma juu, nyingine inasukuma pembeni bure, inang’ang’ana na bomba.

“Saba ya kumi ya saba ya kumi ni ngapi?”

Nikapiga hesabu. Arobaini na tisa ya mia. Nusu! Nilikuwa nimemkata baba springi zake nusu, bila kugusa springi.

Msomaji, nakuandikia mahesabu yake hapa uyabandike ukutani. Shokapu ikilala nyuzi 10 kutoka wima, inabaki na nguvu 97 kwa mia. Nyuzi 20, 88. Nyuzi 30, 75. Nyuzi 45, 50. Unaona ilivyo? Mwanzoni huhisi kitu, ukizidi unaporomoka. Na ubaya zaidi, ekseli inapopanda, mguu wa chini unapanda nayo lakini kichwa hakisogei, kwa hiyo shokapu inazidi kulala. Yaani inazidi kulegea wakati ule ule ambao ungetaka ikaze.

“Na ile nati niliyokaza?” nikauliza, maana nilikuwa bado najitetea moyoni.

“Ukiwa na godoro lililobonyea, ukaweka matofali chini ya miguu ya kitanda, godoro limepona?”

Nikanyamaza. Kukaza nati kunainua gari tu, ugumu wa springi unabaki uleule. Nilichofanya mimi ni kulipandisha gari juu, likiwa bado laini, ili lipate mahali pa kuangukia. Tena nilivyoliinua, shokapu zilikuwa zimeshanyooka karibu mwisho. Gari lilipoinama kushoto, shokapu ya kulia ikaishiwa urefu, ikaanza kuivuta tairi yake juu badala ya kuiacha ikanyage chini.

Kisha akaniuliza, “Kwenye daladala umesimama, dereva anakata kona, unaweka miguu vipi?”

“Natanua.”

“Basi na gari linataka hivyo hivyo. Umeenda kukusanya vichwa vyote viwili katikati, ukaliacha limesimama kwa mguu mmoja.”

Nilirudi nyumbani nikamwita mdogo wangu chumbani. Sikuanza na hesabu. Nilimwambia, “Fundi alinionya, nikaona aibu mbele yako kwa sababu ulicheka. Bega lako limevunjika kwa sababu ya aibu yangu.” Alikaa kimya sana. Halafu akauliza, “Nyuzi ngapi zilikuwa?” Nikamwambia 45. Akasema, “Basi nyingi.” Lilikuwa neno la kwanza la miezi mitano ambalo sikulivuta kwa koleo.

Kumwomba Mama funguo tulikwenda wawili. Alimtazama yeye, siyo mimi. “Wewe uliyeumia ndiye useme.” Mdogo wangu akasema gari litengenezwe. Funguo zikatoka kwenye kanga.

Kwa mzee kazi ilichukua siku tisa, na siku tano za mwanzo hakuwasha mashine ya kuchomelea. Alipima tu. Gari liliwekwa mahali tambarare. Alitaka madumu ya maji, tairi za akiba, hema, na sisi wenyewe tukae ndani, kwa sababu, alisema, gari halisafiri tupu. Alining’iniza nati kwenye uzi ikawa timazi, na kipimapembe akaazima kwenye mkebe wa hesabu wa mjukuu wake.

Halafu akatoa springi kwenye koilova, akarudisha shokapu tupu, akaanza kuipandisha na kuishusha ekseli kwa jeki. Kwanza pande zote mbili pamoja, juu kabisa, chini kabisa. Kisha upande mmoja juu mwingine chini, kama gari likiwa korongoni. Mdogo wangu akiwa amelala chini kwa bega moja zima na tochi mdomoni, anasema wapi panagusa: tairi na fenda, shokapu na chasisi, paipu ya breki inavyovutika. Mara tatu mabano yalishikizwa kwa nukta za kuchomelea, yakang’olewa, yakasogezwa.

Safari hii vichwa viliwekwa mbali mbali, kila kimoja kwenye upinde wake wa bomba upande wake wa chasisi, na miguu ikatolewa nje karibu na tairi kadiri nafasi ilivyoruhusu. Mlalo ukawa nyuzi 15, ambazo zinabakiza nguvu 93 kwa mia. Ukitazama kwa ubavu, zimesimama wima gari likiwa na mzigo wake. Kila bolti ikashikwa na bano pande zote mbili, siyo kuning’inia upande mmoja kama msumari wa kalenda.

Shokapu zetu zina mwendo wa sentimita 30. Tukaacha 13 za kupanda na 17 za kushuka. Anayekimbia jangwani angetaka nyingi zaidi za kupanda, lakini sisi tunatambaa kwenye makorongo, tunataka tairi ifuate shimo. Juu tukaweka raba nene, ekseli igonge raba kabla shokapu haijagonga mwisho wake. Chini tukafunga mikanda migumu, ili uzito wa ekseli ushikwe na mkanda, usining’inie kwenye shokapu. “Shokapu siyo ukuta,” mzee alisema, “wala siyo kamba.”

Siku ya kujaribu tulitafuta kilima cha udongo nje ya mji. Nilikuwa nimeshika mlango wa dereva, mdogo wangu akanyoosha mkono, ule uliovunjika. Nikampa funguo. Nikapanda upande wa abiria, upande uleule aliolalia yeye. Akaliingiza gari shimoni kwa mshazari, taratibu. Gari likainama, nami nikafumba macho, nasema kweli, sioni haya. Likainama, likasita, likasimama imara. Tairi ya nyuma ikashuka kutafuta chini, ikapata. Tukatoka upande wa pili.

Hakusema kitu. Aligeuza, akalipitisha tena. Na tena. Mara ya nne ndipo akaanza kuimba.

Sasa wewe mwenye gari unayenisoma, kabla hujaita mchomeleaji, chukua uzi na nati, chukua mkebe wa mdogo wako anayesoma, pima. Nafasi ikikulazimisha kulaza zaidi ya nyuzi 20 hivi, ujue utahitaji springi ngumu zaidi, na ukate hesabu hiyo kabla hujatoa hela. Na usithubutu kuifungua ile nati ya juu wakati springi imebanwa, utaitafuta pua yako juu ya bati. Na kama fundi mwenye mvi akikuuliza ni mtindo wa nguo au wa gari, usikasirike. Keti chini, mwombe chaki.

Ukipita mitaani ukaona 110 la kijani limebonyea ubavu wa kushoto, ndilo hilo. Tumekataa kulinyoosha bodi. Masela wakiinama kuchungulia chini hawaguni, maana hakuna cha ajabu, ni shokapu mbili tu zimesimama. Chumbani kwa mdogo wangu, pini zimerudi kwenye ramani.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.